Nyumba za Zamani Zinaponyimwa Pumzi

Yuko mganga ampaye mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza anaumwa wapi. Ndivyo zinavyotengenezwa baadhi ya nyumba za zamani za serikali katika mji wetu wa Lubumbashi. Wenye kazi husema wanataka kupunguza gharama ya umeme. Lakini kazi ikiisha, gharama imezidi.

Hebu tutazame mfano mmoja. Niliingia katika ofisi moja ya zamani, ambayo sitaitaja jina. Fundi alikuwa ameziba kwa saruji matundu ya hewa chini ya paa. Madirisha ya mbao yameondolewa, vikatiwa vioo visivyofunguka. Dari imeshushwa. Barza imejengewa ukuta, ikawa chumba. Kisha kila chumba kikapewa kiyoyozi. Siku ile umeme ulikatika saa nne. Kabla ya saa sita makarani walikwisha kuhamisha meza zao chini ya mjakaranda. Mti uliwapa bure kile walichonyimwa na nyumba.

Je, wajenzi wa kwanza walifanyaje? Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na umeme wa maji kutoka Mwadingusha, penye mto Lufira, ulianza mwaka 1930 tu. Basi iliwapasa kutumia akili. Kuta nene za matofali hupokea joto polepole mchana na kulitoa usiku. Barza hulizuia jua lisipige ukuta. Hewa ya moto hupanda na kutokea matunduni, na hewa ya baridi huingia kwa madirisha. Nyumba yenyewe yafanya kazi ya mashine, wala haidai mafuta.

Hatusemi kwamba wazee wale hawakukosea. Paa la bati tupu huunguza watu mwezi wa Oktoba, na usiku wa Juni matundu yale yale huingiza baridi. Kwa hiyo yafaa kutandaza chini ya bati kitu cha kuzuia joto, kuyapa matundu vifuniko, kutia taa zinazokula umeme kidogo, na kuweka mabamba ya jua upande wa paa unaoelekea kaskazini, mahali pasipoharibu sura ya nyumba.

Wala nyumba zote si sawa. Jengo la 30 Juni, lililochorwa na Claude Strebelle na kumalizika mwaka 1956, lilikuwa nyumba ya michezo ya kuigiza, kisha likawa bunge la Katanga. Ukumbi wa namna hiyo hufungwa ili mwanga na kelele visiingie. Hauwezi kutegemea madirisha, nao una haki ya kupewa mashine. Fundi mwema huipima kila nyumba peke yake.

Wengine watasema: bomoeni, mjenge upya. La! Tofali lililokwisha kuchomwa limekwisha kula kuni zake. Kulivunja na kuchoma jingine ni kukata miombo mara ya pili. Tena sheria ya mwaka 1971 ilikwisha kuagiza mali za utamaduni zilindwe.

Basi wakubwa wanaotoa fedha za watu wote wamwulize fundi swali moja kabla ya kutia sahihi: umeme ukikatika, watu wataweza kukaa humu ndani? Asipojua kujibu, asipewe kazi.