Sekunde za Mwisho San Antonio: Jinsi Clayton Alivyomnyima Sharp Mtupo

Emanuel Sharp alikuwa ameshapaa. Mpira uko mikononi, saa imebakiza sekunde chache tu, na Houston iko nyuma 65-63. Mtupo wa pointi tatu ukiingia, Houston inachukua ubingwa wake wa kwanza wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani. Ghafla Walter Clayton Jr. wa Florida akamjaa machoni, mkono juu, na Sharp akafanya jambo ambalo mrushaji wa kiwango chake hafanyi hata mazoezini: akauachia mpira ukadunda chini.

Waliokuwa wakitazama usiku ule wa Aprili 7, 2025 wengi walishangaa kwa nini hakuuokota. Kanuni haimruhusu. Ukiruka na mpira, ni lazima uurushe au umpe mwenzako kabla hujatua. Ukiuangusha kisha ukawa wa kwanza kuugusa, umefanya kosa la hatua na mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwa hiyo Sharp alibaki ameuinamia mpira ambao haruhusiwi kuugusa, akiomba mwenzake afike. Aliyefika ni Alex Condon wa Florida, aliyejitupa sakafuni kifudifudi. Saa ikaisha. Houston, timu iliyokuwa na ulinzi mgumu kuliko zote nchini msimu huo, ilimaliza fainali bila kurusha hata mtupo mmoja katika shambulizi lake la mwisho.

Nauchambua mchezo huo mmoja kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ninachokiamini kuhusu mashindano haya ya vyuo yanayoanza Machi na kuhusu miezi ambayo hakuna mechi.

Tuanze na miguu ya Clayton. Kumkimbilia mrushaji ni kazi inayodanganya, kwani kila mtu anadhani inahitaji kasi tu. Ukifika polepole anarusha akiwa huru. Ukifika kwa pupa anakudanganya kidogo, unapita kama upepo, naye anakwenda kufunga kirahisi. Ukimgusa akiwa hewani nyuma ya mstari wa pointi tatu, umempa mitupo huru mitatu, na uongozi wako wa pointi mbili haupo tena. Clayton alikuwa na nafasi ndogo sana kati ya hatari hizo tatu. Alifika kwa kasi, akaruka kwa wakati, akaziba njia ya mtupo, na mwili wake haukumgusa Sharp. Mwamuzi hakuwa na la kupuliza.

Sasa historia yake. Clayton, kijana wa Lake Wales, Florida, alipokuwa sekondari alitafutwa na vyuo vikubwa kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani, Florida yenyewe ikiwemo. Nafasi yake ilikuwa beki wa mwisho nyuma ya ulinzi wote, yule anayekimbia uwanja mzima kumfunga mtu aliyekwisha kuwatoroka wenzake. Kazi ya beki huyo ni pembe: usimkimbilie alipo, kimbilia atakapokuwa. Condon naye, mtoto wa Perth, Australia, alikua akicheza ule mpira wa Kiaustralia wa kugombania mpira wa yai chini ya miguu ya watu. Mwalimu wa mpira wa kikapu anaweza kusema haya hayahusiani. Mimi naona yanahusiana moja kwa moja. Mchezo ulioamua ubingwa wa kikapu ulichezwa na vijana wawili waliolelewa na mipira mingine, na zaidi ya hayo ulichezwa Alamodome, uwanja uliojengwa ukiwa na futiboli akilini.

Kabla ya hapo Clayton alikuwa na jioni mbaya. Siku mbili nyuma aliifunga Auburn pointi 34 katika nusu fainali. Dhidi ya Houston alikwenda mapumziko akiwa na sifuri. Houston walimtumia walinzi wawili kila mwenzake alipokuja kumwekea kizuizi, wakimsukuma mbali na ringi hadi auachie mpira. Mapema kipindi cha pili ubao ukasoma 42-30, Houston mbele. Aliyeibeba Florida muda huo ni Will Richard, aliyemaliza na pointi 18. Clayton alipata 11, zote kipindi cha pili, na nyingi kati ya dakika zake nzuri zilikuwa za kutoa pasi mapema kabla walinzi wawili hawajamfunga. Wachambuzi wa magazeti hawapendi hadithi ya namna hii, maana nyota hakung'aa. Lakini ndivyo ilivyokuwa: Florida iliongoza mchezo ule kwa muda wa zaidi kidogo ya dakika moja tu, na ikashinda.

Ukitaka kuelewa kwa nini kushindwa kule kuliwauma Houston kupita kiasi, rudi Aprili 5. Mwaka huo timu zote nne zilizopangwa namba moja zilifika nusu fainali, jambo lililowahi kutokea mara moja tu kabla, mwaka 2008, nalo San Antonio hapo hapo. Houston walikutana na Duke ya Cooper Flagg. Zikiwa zimebaki dakika nane na ushei, Duke ilikuwa mbele kwa pointi 14. Kilichofuata ni somo la kufundishia makocha.

Houston hawakufufuka kwa mitupo mizuri. Walifufuka kwa kuwanyima Duke mpira wa pili. Kelvin Sampson, kocha wao, ana zoezi maarufu: anafunika ringi kwa mfuniko wa plastiki ili kila mtupo uteme, kisha wachezaji wanagombania. Msingi wake ni kwamba ribaundi haianzi kwa kuruka. Mtupo unapoondoka, unamtafuta mtu wako kwanza, unamgusa kwa kiwiliwili, unashusha makalio, unamsukuma nyuma hatua moja. Mpira unautafuta baadaye. Mtu aliyesukumwa hatua moja kutoka chini ya ringi hasaidiwi sana na urefu wake. Ushahidi ni Khaman Maluach wa Duke, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, mwenye mita 2.18. Usiku ule alicheza dakika 21 na hakupata ribaundi hata moja. Wapo watakaosema ni mtoto, alikuwa na miaka 18. Ni kweli, na bado alichaguliwa wa kumi kwenye usajili wa NBA mwaka huo huo. Lakini jioni ile J'Wan Roberts wa Houston, mfupi kuliko yeye kwa kiasi cha kuonekana toka jukwaani, alikuwa na miguu iliyofundishwa.

Nusu dakika ya mwisho ilikwenda hivi. Sharp, huyo huyo, akaingiza pointi tatu: 67-64. Duke wakirudisha mpira mchezoni, Mylik Wilson akaupora, akarusha akakosa, na Joseph Tugler akaudaka juu na kuusindilia: 67-66. Tyrese Proctor wa Duke akapewa mtupo huru wa sharti, ule ambao ukikosa wa kwanza hupewi wa pili. Akakosa. Hapo Roberts alikuwa ameshampa Flagg mgongo na kujipanua; Flagg akampandia kwa juu, faulo. Roberts akaingiza miwili, 68-67. Flagg akarusha juu ya mkono wa Roberts, ukagonga nje. LJ Cryer akamalizia kwa mitupo huru miwili, 70-67. Mchezaji bora wa vyuo wa mwaka huo aliangushwa na mgongo wa mtu.

Basi timu iliyoshinda namna hiyo Jumamosi ikafungwa Jumatatu na mpira uliolala sakafuni.

Hapo ndipo hoja yangu kuhusu miezi isiyo na mechi inapoingia. Kikosi cha Todd Golden, kocha wa Florida, kilijengwa katika mapumziko ya kati ya misimu, kwa wachezaji waliohama kutoka vyuo vingine. Richard alitoka Belmont mwaka 2022, Clayton akatoka Iona mwaka 2023, Alijah Martin akatoka Florida Atlantic na Rueben Chinyelu, Mnigeria aliyepitia kituo cha NBA Afrika, akatoka Washington State, wote wawili 2024. Martin ndiye aliyeingiza mitupo huru miwili iliyoiweka Florida mbele 64-63 ikiwa imebaki chini ya dakika. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa jina la kupigiwa kelele alipowasili. Golden alinunua tabia kabla ya jina.

Mashabiki wa futiboli huko huko Gainesville, nyumbani kwa chuo cha Florida, walitaka kuamini kwamba dawa hiyo inafanya kazi kwao pia. Timu yao ilimaliza msimu wa 2024 kwa kushinda mechi nne mfululizo, ikafika 8-5, na majira yote ya machipuko yakawa ni mrushaji wao DJ Lagway, Lagway, Lagway. Sikukubaliana nao. Kikapu kina watu watano uwanjani; ukipata wawili sahihi umebadilisha timu. Futiboli ina kikosi cha mashambulizi, kikosi cha ulinzi na cha mateke, na mrushaji wako hata awe na mkono wa dhahabu atalala chali kama ukuta ulio mbele yake ni mbovu. Ndiyo maana usajili wa futiboli hupendeza zaidi midomoni kuliko uwanjani. Nico Iamaleava, mrushaji mwingine, aliachana na Tennessee Aprili ile ile kwa mvutano wa malipo, akaenda UCLA. Msimu ukaisha UCLA ikiwa na ushindi wa mechi tatu kati ya 12. Florida wao walimfukuza kocha Billy Napier kabla Oktoba haijaisha.

Ikumbukwe chuo hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kushika mataji yote mawili, la futiboli na la kikapu, kwa wakati mmoja, mwaka 2007, na mara zote mbili kikiifunga Ohio State fainali. Kwa hiyo wana sababu ya kuota. Ila mataji yale ya kikapu, 2006 na 2007, yaliletwa na kundi lile lile lililokataa kuondoka, na mfumo wa leo haukopeshi muda huo. Mwaka 2025 dirisha la uhamisho wa kikapu lilifunguliwa Machi 24, mashindano yakiwa katikati, makocha wakipanga mechi ya kesho huku simu ya mwakani inaita. Huo ulikuwa utaratibu mbaya, na sioni wa kuutetea.

Turudi kwa Sharp, kwa sababu amelaumiwa kuliko anavyostahili. Akiwa hewani na Clayton mbele yake, alikuwa na mambo mawili: arushe mtupo unaozuiliwa, au auangushe mpira akitumaini mwenzake. Kosa lilianza kabla. Houston waliizungusha saa wakitafuta mtupo wa pointi tatu wakati pointi mbili zingewapeleka muda wa nyongeza, na uamuzi ukamwangukia mtu mmoja akiwa amebakiwa na pumzi moja. Shambulizi lililotangulia pia lilikuwa limepotea bila mtupo. Chuo kile kilishapoteza fainali za 1983 na 1984 kikiwa na Hakeem Olajuwon wa Lagos, ile ya 1983 katika sekunde ya mwisho kabisa. Hukumu yangu: Houston walikuwa timu bora kwa sehemu kubwa ya mechi, ila Florida ndiyo iliyolinda vizuri zaidi mpira mmoja uliokuwa na thamani ya kombe.