Uchungu wa Ushindi

Hadithi hupimwa kwa mwisho wake, kama safari ya chombo ipimwavyo kwa kufika bandarini. Jahazi laweza kukata bahari salama siku kumi, likapasuka mwambani mbele ya macho ya wenyeji waliokwenda kulipokea. Kwa sababu hiyo msomaji mwenye busara hatosheki kusema kwamba hadithi imempendeza au imemchukiza. Yampasa aulize zaidi: Je, mwisho huu uliandaliwa na hadithi yenyewe, au mtungaji aliuchomeka tu ili apate kuliza watu? Na kama unaumiza, je, maumivu hayo yana maana? Maswali haya nataka tuyaulize pamoja, wewe msomaji nami, juu ya hadithi moja iliyosimuliwa kwa michoro ya televisheni, nayo ni Samurai Jack.

Huenda mtu akaona ajabu katuni kuwekwa mahali pa tungo za watu wazima. Asione ajabu. Babu zetu walisikiliza tendi barazani, baba zetu walisikiliza michezo ya redio, na vijana wa leo hutazama michoro iendayo. Chombo cha kusimulia hubadilika, lakini yaulizwayo ni yale yale: shujaa ni nani, amelipa nini, na je, alilolipia lilistahili bei hiyo?

Kisa chenyewe ni hiki. Mwana wa mfalme wa Japani alilelewa kwa upanga na adabu ili aje apigane na Aku, zimwi la giza liwezalo kujigeuza umbo lolote. Siku ya mapigano, alipokuwa karibu kumwua, Aku alifungua mlango wa wakati akamtupa katika zama za mbele sana, ambako uovu ulikuwa umekwisha kuitawala dunia nzima. Huko watu walimpa jina la Jack, jina ambalo wazazi wake hawakulijua. Tangu hapo alikuwa na haja moja tu: kupata njia ya kurudi zamani, aung'oe uovu ungali mche. Mara nyingi alipoikaribia njia hiyo, aliiacha ili amwokoe mnyonge aliyekuwa mbele yake.

Mtungaji wa hadithi hii, Genndy Tartakovsky, alizaliwa Moscow mwaka 1970 akahamia Marekani angali mtoto. Hadithi yake ilianza kuonyeshwa na Cartoon Network mwaka 2001, ikakoma mwaka 2004 baada ya sehemu 52, bila ya mwisho. Shujaa aliachwa njiani, na watazamaji wakaachwa pamoja naye. Katika muda huo wa kungoja, Mako, mwigizaji mzaliwa wa Japani aliyempa Aku sauti, alifariki mwaka 2006. Watoto walioipenda hadithi wakakua, wakapata kazi na majumba. Hatimaye, mwaka 2017, zilitolewa sehemu 10 nyingine, safari hii katika Adult Swim, yaani katika saa za watu wazima. Na ile ya mwisho ilionyeshwa tarehe 20 Mei ya mwaka huo.

Tazama jinsi mtungaji alivyoutia muda wa kungoja ndani ya hadithi. Tunapomkuta Jack tena, miaka 50 imempitia. Mwili wake haukuzeeka, lakini moyo umechakaa. Upanga wake umepotea, na milango ya wakati imevunjwa yote na Aku. Ndipo anapokutana na Ashi, mmoja wa wasichana saba waliofundishwa tangu utotoni kumwabudu Aku na kumwua Jack. Ndugu zake wote walikufa, akasalia yeye. Katika kufuatana na adui wake aligundua kwamba aliyoaminishwa yalikuwa uongo. Uadui ukageuka urafiki, na urafiki ukageuka mapenzi. Lakini kulikuwa na siri: Ashi alikuwa binti wa Aku mwenyewe, na giza la baba yake lilikuwa ndani ya damu yake.

Katika sehemu ya mwisho Jack ametekwa. Wale wote aliowasaidia miaka mingi wanakuja kumwokoa; ni tamasha la shukrani, na sijui mtazamaji asiyefurahi kuiona. Aku amekwisha kumtawala Ashi na kumfanya silaha yake, lakini kwa upendo wa Jack msichana huyo anaishinda nafsi ya baba yake. Kisha, kwa uwezo ule ule aliourithi kwa zimwi, anafungua mlango wa wakati na kumrudisha Jack nyumbani, katika dakika ile ile aliyotupwa. Jack anamwua Aku. Dunia imepona. Inapangwa harusi, wazee na walimu wa shujaa wanakusanyika, bibi arusi anakuja. Na kabla hajamfikia bwana arusi, nguvu zinamwishia, anaanguka. Maana Aku hakuishi tena kupata binti, na bila ya Aku, Ashi hakuweza kuwako. Anatoweka mikononi mwa mpenzi wake, pakabaki vazi tupu. Baadaye Jack anakwenda peke yake msituni, anaketi chini ya mti, na kidudu chekundu chenye madoa meusi kinamtua mkononi. Anakitazama, anatabasamu, anakiacha kiruke. Hapo ndipo hadithi ilipokoma.

Mwisho huo uliwagawa watazamaji. Wako waliosema ni mwisho wa haki, uliotulia kama dua. Wako waliosema wamedhulumiwa, kwa kuwa walingoja miaka 13 kumwona shujaa wao akipata raha, wakapewa matanga. Nilipoizungumza hadithi hii na wanafunzi wangu hapa Mjambere, ubishi ulikuwa ule ule. Kijana mmoja alilalamika kwamba mtu aliyeteseka nusu karne amenyimwa hata sahani ya pilau ya arusi yake. Msichana mmoja akamjibu kwa kumwuliza kuhusu harusi za wale wote waliouawa na Aku. Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza. Na mimi nikajua kwamba jambo lenyewe lina uzito.

Basi tuyapime malalamiko yenyewe, moja baada ya jingine.

La kwanza ni kwamba mwisho huu ni mkatili. Sikubali. Jack hakutaka kulitengeneza taifa la Aku. Alitaka lisiwepo kabisa. Anayetaka kuifuta siku ya jana hana budi kukubali kwamba yatafutika pia mazuri yaliyoota ndani yake. Marafiki waliokuja kumwokoa waliota katika udongo wa dhuluma ile ile. Ashi ni mfano wao ulio karibu zaidi na moyo. Kama mtungaji angalimwacha aishi, angalituambia kwamba mtu aweza kupindua dunia nzima asipoteze kitu. Huo ungalikuwa uongo mtamu, na uongo mtamu haumfai kijana anayejiandaa kwa maisha.

La pili ni kwamba mambo hayaafikiani. Kama Ashi hakuwako, ni nani aliyefungua mlango wa wakati? Fundo hili limo katika kila hadithi ya mtu arudiye zamani, na sioni kwamba ni haki kumdai mtungaji mmoja alifungue. Swali jingine ni zito zaidi: kwa nini Ashi hakutoweka mara alipokufa Aku, bali alingojea mpaka siku ya harusi? Hapa mkono wa mtungaji unaonekana. Ameichagua siku ambayo machozi yatakuwa mengi kuliko siku yoyote. Si kosa la kuiangusha kazi, lakini ni doa, na mhakiki mwaminifu hafuniki doa kwa sababu aipenda nguo.

La tatu ni la haraka, na katika hili nawaunga mkono wanaolalamika. Sehemu ya mwisho haitimizi nusu saa. Ndani ya muda huo mdogo mmetiwa vita, ushindi, kurudi zamani, kifo cha Aku, harusi, kifo cha bibi arusi na faraja. Adui aliyetisha katika sehemu nyingi namna ile anamalizwa kwa muda usiotosha kunywea kikombe cha kahawa. Msiba wenyewe haupewi nafasi ya kukaa chini. Katika sehemu za zamani mtungaji huyu alisifiwa kwa ukimya wake: aliweza kumwonyesha mtu akitembea nyikani muda mrefu bila ya neno hata moja. Ajabu ni kwamba saa ya kumlilia Ashi, ukimya huo ulipohitajiwa kuliko wakati wowote, yeye aliupunguza.

Ili uone nisemalo, mkumbuke shujaa wetu wa pwani, Fumo Liyongo, ambaye habari zake Muhamadi Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913. Liyongo hakudhurika kwa mkuki wala mshale, ila kwa kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba. Sultani aliyemwogopa alimshawishi mwana wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi kumwoza binti yake. Na mwana akamchoma baba yake usingizini. Liyongo aliamka na jeraha, akauchukua upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale umewekwa tayari. Akafa katika hali hiyo, asianguke. Watu wa mji wakidhani yu hai, wasithubutu kuteka maji. Kiu ikawashika. Mama yake akaletwa amsihi atulize hasira, naye akambembeleza mwanawe aliyekwisha kufa. Siku zilipita ndipo mwili ulipoanguka, na watu wakajua. Na yule mwana aliyemwua baba yake hakuipata ile ahadi.

Huu nao ni mwisho mchungu, tena mchungu kuliko wa Jack, kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Lakini tazama jinsi msimulizi alivyokuwa na subira. Anatuweka kisimani. Anatufanya tuone kiu pamoja na watu wa mji, tumsikie mama, tungoje. Uchungu unapata nafasi ya kuingia moyoni polepole, na kwa hiyo unakaa. Jack na Liyongo wote wawili walishindwa na kitu kilichotoka katika damu: huyu kwa mwana wake, yule kwa kumpenda binti wa adui. Mmoja alipewa siku kadhaa za matanga, mwingine akapewa dakika chache. Hapo ndipo upungufu ulipo.

Je, dawa yake ni kuubadilisha mwisho uwe wa furaha? Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2020 ulitolewa mchezo wa kompyuta wa Samurai Jack, na mchezaji aliyetimiza masharti fulani huonyeshwa mwisho mwingine, ambao ndani yake Ashi yu hai na harusi inatimia. Wengi walifurahi. Wala hili si geni duniani. Mwaka 1681 Nahum Tate wa Uingereza aliuandika upya mchezo wa Shakespeare wa King Lear, akamwacha hai mzee mfalme, na binti yake Cordelia akaolewa. Watazamaji waliupenda mchezo huo muda uliopita karne moja, mpaka mwaka 1838 mwigizaji William Charles Macready alipourudisha mchezo wa Shakespeare jukwaani. Leo mwisho wa Tate hukumbukwa na wasomi tu, na ule wa Shakespeare, pamoja na uchungu wake, ndio uchezwao. Watu hutaka kupunguziwa huzuni. Lakini hadithi iliyopunguziwa huzuni yake ya haki hupunguka nguvu pia.

Imebaki habari ya kile kidudu chekundu. Anayetazama ovyo atadhani ni pambo. Lakini kilitokea mapema. Ashi alipokuwa mtoto alivutiwa na kidudu kama hicho, na mama yake akakiponda mbele yake, kwa kuwa katika mafundisho yao hapakuwa na nafasi ya huruma. Baadaye alimwona Jack akikiachilia kidudu cha namna hiyo kiruke salama, akatambua kwamba mtu aliyeambiwa ni mwovu alikuwa na huruma waliyokosa waliomlea. Hapo ndipo moyo wake ulipogeuka. Basi kidudu kinapomtua Jack mkononi mwisho wa hadithi, hakika ni Ashi anayekumbukwa, na Jack anamwacha aende. Maneno hayahitajiwi. Katika mambo yote ya sehemu ile, hili ndilo lililopewa utulivu wake, na ndilo linaloiokoa.

Hukumu yangu, basi, ni hii: uchungu wa mwisho huu ni wa haki, na haraka yake ni kosa. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi huyachanganya. Waliokasirika walidhani wamechukia huzuni, kumbe wengi wao walichukia kunyimwa wakati wa kuhuzunika.

Nawe msomaji, siku utakayofunga kitabu au kuzima televisheni huku koo limekukaba, usifanye haraka kusema kwamba kazi ni mbaya kwa kuwa imekuumiza, wala kwamba ni nzuri kwa kuwa imekuliza. Machozi si shahidi wa kutosha, hata kitunguu huyaleta. Rudi nyuma, utafute mbegu za mwisho ule zilipandwa wapi. Ukiziona, mshukuru mtungaji ijapokuwa alikuumiza. Usipoziona, una haki ya kumlaumu, nawe umlaumu kwa hoja.