Mshenga Asiyeonekana: Maji na Ndoa katika Riwaya ya Abe Kobo

Riwaya ya Abe Kobo iitwayo Suna no Onna, yaani "Mwanamke wa Mchangani", ilitoka Japani mwaka 1962 ikapata tuzo ya Yomiuri. Mwaka 1964 E. Dale Saunders aliitoa kwa Kiingereza, na mwaka huohuo Teshigahara Hiroshi aliifanya filamu. Wahakiki wengi, hasa wa Ulaya, wameisoma kama fumbo la upweke: mchanga ni dunia, shimo ni maisha, na mwanamke ni chambo. Sisemi kwamba usomaji huo ni batili. Nasema umeliharakia fumbo ukairuka hadithi, na hadithi yenyewe yahusu mambo mawili ambayo msomaji wa Kiswahili ayajua vema: maji ya kugawiwa na ndoa ya kutafutiwa.

Hadithi ni hii. Mwalimu mmoja, Niki Junpei, aenda pwani yenye vilima vya mchanga kutafuta mbawakawa wa aina ngeni. Wanakijiji wamkaribisha alale katika nyumba ya mjane iliyo chini ya shimo, naye ateremka kwa ngazi ya kamba. Asubuhi ngazi haipo. Kazi yake tangu siku hiyo ni kuchota mchanga kila usiku pamoja na yule mjane, ambaye mumewe na binti yake walifukiwa na mchanga wakati wa tufani. Akigoma, maji hayashushwi.

Sasa tuyatazame maneno. Ndoa ya kutafutiwa huko Japani hupitia hatua iitwayo miai. Wanafunzi wangu hupenda kulitafsiri neno hilo "posa", nami huwakataza. Posa ni ombi lililokwisha kutamkwa. Miai ni kabla ya ombi, na kila upande una ruhusa ya kukataa. Mi latokana na kitenzi miru, "kuona". Ai latokana na au, kitenzi ambacho kikikifuata kitenzi kingine huleta maana ya kutendana. Basi tafsiri iliyo karibu kabisa ni "kuonana", na kiambishi chetu -an- chafanya kazi ileile. Anayewakutanisha ni nakōdo, neno lenye maana ya mtu wa kati. Hapa "mshenga" latosha.

Anayetaka kuona jambo hili likiandikwa kwa utulivu aisome Sasameyuki ya Tanizaki Jun'ichirō. Ilianza kuchapishwa jaridani mwaka 1943, wakuu wa jeshi wakaizuia, ikakamilika mwaka 1948. Humo Yukiko, dada wa tatu kati ya wanne, aonanishwa na wachumba mmoja baada ya mmoja. Mmoja aachwa kwa sababu mama yake ni mgonjwa wa akili. Mwingine, mjane mwenye umri, awapeleka wageni nyumbani kwake kuwaonyesha picha za mkewe na watoto waliokufa, na mambo yakaishia hapo. Mchumba mzuri kuliko hao apotea kwa sababu Yukiko hakuweza kumjibu sawasawa kwenye simu. Kila ukoo wachunguzwa, kila ila yapimwa. Yukiko karibu hasemi neno, na kimya chake kina nguvu kuliko maneno ya shemeji zake wote.

Katika Abe taratibu zote hizo zapo, lakini zimepinduliwa. Washenga ni kijiji kizima. Uchunguzi haupo: mwanamume yeyote mwenye mikono miwili afaa. Kuonana kwaja baada ya mlango kufungwa. Na badala ya mahari inayotolewa mara moja, kuna maji yanayotolewa kidogokidogo, ili deni lisiishe. Katika sura ambamo Niki amfunga yule mwanamke kamba na kukataa kazi, haushindwi na mchanga. Ashindwa na mtungi mkavu. Hapa ndipo wahakiki wa fumbo walipopita mbio. Japani ni nchi ya mvua nyingi. Katika Sasameyuki yenyewe maji huja kwa ziada, kwa mafuriko ya Kobe ya Julai 1938 ambayo nusura yamwue mdogo wa Yukiko. Kiu ya Niki, basi, haikuletwa na mbingu. Imeletwa na watu walio juu ya shimo, wenye ndoo na kamba. Abe alilelewa Mukden, katika nyanda za Manchuria, na naona hakuhitaji kufundishwa tofauti kati ya ukame wa anga na ukame wa mgawanyo.

Kijapani kina msemo unaonifuata kila nisomapo kitabu hiki: mizuirazu, yaani "bila kuingiwa na maji". Husemwa juu ya mume na mke, au wazazi na watoto, wanapokuwa peke yao pasipo mgeni. Mgeni ni kama maji katika mafuta. Sidai kwamba Abe aliukusudia. Lakini wawili hawa wako "bila maji" kwa maana zote mbili, na maana ya kwanza ndiyo iliyotumiwa kuwalazimisha wafikie ya pili.

Mwisho wa riwaya Niki azika ndoo mchangani, akaweka samaki mkavu ili amnase kunguru. Kunguru hanaswi, bali maji yaonekana ndani ya ndoo: jua likikausha mchanga wa juu, maji ya chini hupanda kama mafuta yapandavyo utambi wa taa. Wahakiki huita jambo hili muujiza wa tumaini. Mwanafunzi wangu mmoja atokaye Kitui hakushangaa hata kidogo. Kwao, alisema, mto ukikauka watu huchimba mchangani wakateka. Nilimjibu kwamba maji ya kwao ni akiba ya mvua na ya Niki ni ya kupandishwa, naye akaniuliza swali lililo bora kuliko jibu langu: Mwalimu, ikiwa sasa ana maji yake mwenyewe, mbona hatoki?

Kwa kweli hatoki. Ngazi yaachwa ikining'inia, apanda, atazama, arudi chini kuangalia ndoo yake, na ahisi hamu ya kuwaeleza wanakijiji uvumbuzi huo. Awaza kuwaambia walewale washenga! Nionavyo mimi, hapo ndoa imekamilika: ameridhia, si kwa mwanamke, bali kwa waliomwoza.

Kosa kubwa la Abe ni kwamba hakutuambia kama mwanamke naye aliridhia. Twajua alitaka redio na kioo. Twajua alimshikia mgeni mwavuli alipokuwa akila, mchanga usiangukie chakula. Jina lake hatulipati. Kimya cha Yukiko chaweza kukataa mtu. Kimya cha huyu hakikupewa nafasi ya kukataa chochote, na mwandishi aonekana kutosumbuliwa na hilo. Ngazi ile iliachwa kwa sababu yeye alikuwa amevutwa juu kwa kamba, akitokwa damu kwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Kurasa za mwisho ni hati za korti zinazomtangaza Niki kuwa mtu aliyepotea. Ya mwanamke haipo, wala hapana aliyeiomba.