Stanley na Mfuko wa Barua

Wanachuo wangu wengi hapa Tanga walifika chuoni na sentensi moja vichwani: "Stanley alimgundua Livingstone." Waliitoa shule ya msingi, nao walikuwa wakijiandaa kuirudisha huko huko. Ndiyo maana kitabu cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1872, nakipima kwa makini, sikitupi.

Henry Morton Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani. Alifika Unguja Januari 1871, na Machi akaondoka Bagamoyo. Alikuwa na misafara mitano yenye watu karibu 200, majora ya merikani, shanga na nyaya za shaba. Ushujaa wake hauna ubishi: homa na vita vya Mirambo karibu na Tabora havikumrudisha pwani. Tena ana jicho la karani: huandika bei na mizigo bila kuchoka.

Kasoro yake ni kujikweza. Kila mto unavukwa na "mimi", ilhali mizigo iko vichwani mwa wapagazi, ambao mwenyewe anakiri kuwachapa viboko. Mnyapara wake, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa askari Chogwe, katika bonde letu la Mto Pangani, Burton na Speke walipomchukua mwaka 1857. Mwaka uliofuata akafika nao Ziwa Tanganyika, miaka 13 kabla ya Stanley. Kitabuni mtu huyu mara nyingi ni wa kukaripiwa tu.

Hata hivyo, mwandishi mwenye jicho hutoa ushahidi hata juu ya nafsi yake. Stanley anamtaja Kaif-Halek, tarishi aliyetumwa kutoka Unguja na mfuko wa barua za Livingstone, wenye tarehe 1 Novemba 1870. Tarishi alikwama Unyanyembe, na Stanley akafuatana naye hadi Ujiji. Fikiri, msomaji: mtu ambaye Unguja inajua barua zake zipelekwe Ujiji, amepotea kwa nani? Alipotea kwa wasomaji wa London na New York.

Kwa hiyo nawashauri walimu vijana wasikifiche kitabu hiki. Wawape wanafunzi kazi ya kuorodhesha kila jina la Mwafrika lililomo, na alichofanya. Kisha waandike upya ile sentensi ya zamani: Stanley alifikishwa kwa Livingstone na watu waliojua njia.