Tembo Wametajwa, Watu Je?

Kitabu cha Nick Brandt, Inherit the Dust (2016), nilikuwa nakipekua pale stesheni ya Soga nikisubiri treni ya SGR. Mama aliyekaa jirani akachungulia. "Mwanangu, hao waliolala hapo ni akina nani?" Nikakosa jibu.

Brandt alichapa picha zake za wanyama kwa ukubwa wao halisi, akazisimamisha huko Kenya, mahali ambapo wanyama kama hao waliwahi kuzurura: dampo, machimbo ya mawe, kiwandani. Kisha akapiga picha upya. Tuliyokuwa tunaitazama ni Underpass with Elephants: tembo chini ya daraja la barabara, na watu wasio na makao hapo hapo.

Wazo lenyewe kali, sibishi. Tembo wana hadhi ya wazee wa mji. Unahisi sisi ndio wavamizi. Ila jina la picha linawataja tembo tu. Waliolala wamegeuzwa mandhari. Brandt amesema watu hao nao ni waathirika. Namwamini yeye, picha yake inamkana.

Kwenye The Day May Break (2021), binadamu na mnyama wako fremu moja, na majina yao yamo pamoja kwenye jina la picha. Hapo ningekuwa na la kumjibu mama yule.