Kamati Ilipoambiwa Hakuna Watu

Agosti 2020, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu na profesa wake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwatumia wasimamizi wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux viraka vichache vya msimbo kwa majina ya kubuni. Kila kiraka, chini ya mistari mitano, kilirekebisha kosa dogo huku kikifungua mwanya mkubwa wa kiusalama. Je, wasimamizi wangeshtuka? Kwa maelezo ya watafiti, msimamizi akishakubali walimtajia kasoro na kumpa kiraka safi, kile kibovu kisiingie kwenye programu.

Mtego wenyewe haukuwa mgumu. Cha kuchambua ni jinsi ulivyopita kwenye kamati ya maadili ya utafiti ya chuo.

Kwa kanuni za serikali kuu ya Marekani, kamati hiyo huwa na wajumbe wasiopungua watano, akiwamo asiye mwanasayansi na mwingine asiye na uhusiano na chuo. Utafiti wa hatari ndogo unaweza kusamehewa, au kupitishwa haraka na mwenyekiti au mjumbe mzoefu. Uliobaki hujadiliwa mezani. Lakini kabla ya yote huulizwa kama utafiti unahusu binadamu. Kisheria haitoshi kuwasiliana na mtu. Taarifa unazokusanya lazima zimhusu yeye mwenyewe. Ukimuuliza mhasibu bajeti ya idara ni kiasi gani, yeye hujamchunguza.

Watafiti walipenya hapo hapo. Walidai wanachunguza utaratibu wa kupokea viraka, si wapokeaji. Mwanzoni hawakuomba kibali kabisa. Walikwenda kwenye kamati baada ya kazi kufanyika na lawama kuanza, wakapewa barua kwamba utafiti wao si wa binadamu. Wakaitaja katika utetezi wao wa Desemba 2020. Utetezi huohuo unawaomba radhi wasimamizi kwa kupotezewa muda, na kueleza kwamba viraka vilifanywa vifupi ili kuwapunguzia usumbufu. Utaratibu hauombwi radhi! Ombi hilo peke yake lilitosha kuifanya kamati iulize upya.

Na lau shauri lingefika mezani, si lazima lingekataliwa. Kumficha mshiriki ukweli huruhusiwa iwapo hatari ni ndogo, haki zake hazivunjwi na utafiti hauwezekani vinginevyo. Baadaye, inapofaa, hupewa maelezo. Ingetosha mjumbe mmoja aulize kwa nini viongozi wachache wa mradi wa Linux wasiombwe idhini mapema, wakaguzi wenyewe wasijue. Mtego ungebaki mtego.

Aprili 2021 mwanafunzi wa kundi hilohilo alituma viraka vingine, vibovu. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu, akahisi wanajaribiwa tena; akasimamisha michango yote ya chuo hicho na kupendekeza kuviondoa viraka 190 vilivyokwisha kupokelewa. Siku chache baadaye watafiti waliiondoa makala yao iliyokuwa imekubaliwa na mkutano mkubwa wa usalama wa kompyuta. Michango 435 kutoka chuoni ikakaguliwa upya, mmoja baada ya mwingine. Mingi sana ilikuwa sawa, mingine ya miaka ambayo kundi hilo lilikuwa halijaanza, na ukaguzi wote ukawaangukia wasimamizi na wenzao waliojitolea kuwasaidia.