Mkono Unaofuga Radi

Flashi kubwa ya studio, ile ya jouli 2,400, huhifadhi umeme ambao ungewasha balbu ya wati 60 kwa sekunde 40. Huutoa kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde, ndani ya mrija mwembamba uliojaa gesi ya zenoni, na anayepigwa picha hupepesa macho tu. Picha ikitoka nzuri, anayepongezwa ni mpiga picha. Mimi pongezi zangu nazipeleka kwa fundi wa taa, ambaye kazi yake ikienda sawasawa hakuna anayejua kuwa ilifanyika.

Zamani mwanga huo ulikuwa moto mtupu. Mwaka 1887 Adolf Miethe na Johannes Gaedicke wa Ujerumani walitoa unga wa magnesi uliochanganywa na kemikali za kuulipua. Jacob Riis, mwandishi wa habari wa New York mwenye asili ya Denmark, aliuwashia kwenye kikaango ili apige picha vyumba vya maskini usiku. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mara mbili aliunguza nyumba alizoingia, na mara moja akajiunguza mwenyewe. Miwani ndiyo iliyomnusuru macho. Baadaye, katika miaka ya 1930, Harold Edgerton wa chuo cha MIT aliuendeleza mwanga wa umeme ndani ya kioo. Moshi ukatoweka studioni. Joto likabaki.

Na joto hilo wengi hulitafuta pasipo. Wanauogopa mlipuko wa mwanga, kumbe kinachochoma zaidi mara nyingi ni taa ndogo ya halojeni iliyo katikati ya mrija, inayomsaidia mpiga picha kuona vivuli vitaangukia wapi. Ikiwa ni ya wati 250 na ikawaka saa nzima, hutoa joto sawa na la milipuko 375 ya jouli 2,400. Ifunike kwa softboksi, lile sanduku la kitambaa la kulainisha mwanga, lisilo na tundu la hewa, au uibandikie karatasi ya rangi karibu mno, utaanza kunusa kitambaa kinachoungua. Kwa hiyo fundi mzuri huizima kila watu wanapokwenda kubadilisha nguo. Feni ya taa huiacha izunguke baada ya kazi. Halojeni mpya huishika kwa kitambaa safi, kamwe si kwa vidole vitupu, maana mafuta ya ngozi yakibaki juu ya kioo chake, sehemu hiyo hupata moto kupita kiasi na balbu ikapasuka.

Pua yake ndiyo inayonishangaza zaidi. Harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa iliyokaa muda bila kutumika haimtishi. Lakini akisikia shombo, kama ya samaki aliyelala, husimamisha kazi papo hapo, hata kama bwana harusi ameshakaa kitini, kwa kuwa kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme wa flashi, ikivuja huweza kunuka hivyo. Flashi tunazonunua mitumba huwa zimelala stoo miaka, na ndani ya kapasita utando mwembamba unaozuia umeme kupita huwa umedhoofika. Mwenye pupa huchomeka waya, akapandisha nguvu hadi mwisho. Kapasita inachemka, mvuke unaitoboa, moshi mweupe unajaa chumba. Fundi huanza na nguvu ya chini kabisa, akaiacha mashine na chaji kidogo kwa saa kadhaa, kisha akapanda hatua kwa hatua, huku akipapasa kifuniko kama kinapata joto. Utando hujijenga upya. Hakuna mteja anayelipia saa hizo, nami naona ni dhuluma.

Mashine ikishatoa moshi, yeye huchomoa waya ukutani na hafungui kitu. Umeme wa mamia ya volti unaweza kubaki ndani, wa kutosha kuua. Wakati wa kufungua ukifika, huvua pete na saa, mkono mmoja akauweka mfukoni ili umeme usipate njia ya kupitia kifuani, akanyonya chaji kwa rezista nene yenye mpini uliokingwa. Bisibisi haitumii, kwa sababu cheche yake huyeyusha chuma. Anapima kwa mita: sifuri. Anasubiri, anapima tena, na volti zimerudi zenyewe, maana kapasita kubwa haitoi yote kwa mara moja. Ananyonya tena, anapima tena, halafu anafunga waya kati ya ncha zake mbili na kuuacha hapo mpaka ukarabati uishe.